Fundi Baridi, Aliyechukia Kula Peke Yake

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza: haya ni maisha ya kaka yetu, yameandikwa na mdogo wake wa kike aliyemfuata kuzaliwa, na ndiye anayeyasoma. Kwa kawaida wasifu husema mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, akafa, na wasikilizaji hupiga miayo kwa adabu. Huu nao utayasema hayo yote. Lakini tangu jana kuna maneno yanazunguka pale uani, kutoka kiti hadi kiti, kwamba binti wa marehemu alikutwa anakula huku baba yake anakata roho. Wako waliosema kwa kunong'ona, na wako ambao hata kunong'ona hawakujisumbua. Binti ameyasikia, hakutia pamba masikioni. Basi neno hilo litajibiwa hapa hapa, mbele ya jeneza, likifika zamu yake, maana hawezi kulielewa mtu asiyejua marehemu alikulaje katika maisha yake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya reli. Mama yetu alikuwa na sheria moja isiyokatiwa rufaa: chakula hakiguswi mpaka wote wawepo. Baba akichelewa na saa ya mteja, wali ulipoa, matumbo yakanguruma, na hakuna mkono uliosogea. "Mlo wa mtu mmoja ni dawa," mama alikuwa akisema, "na humu ndani hakuna mgonjwa." Mwaka ambao marehemu alitimiza miaka sita aliugua surua, akatengwa chumba cha nyuma. Sahani yake ikaingia, ikatoka vile vile. Ikaingia tena, ikatoka vile vile. Kumbe mtoto alikuwa anasubiri. Mama alipong'amua, alimchukua mdogo wake, akamkalisha na bakuli lake nje ya mlango uliofungwa, akamwambia piga kijiko kwa nguvu kaka yako asikie. Ndipo marehemu akala, mgongo wake upande ule wa mlango, wa mdogo wake upande huu. Mdogo wake naye aliipata ile surua, lakini hiyo ni habari nyingine.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni, ambako walimu walimwandikia nyumbani kwamba kijana ana akili ila anatembea ovyo na sahani bwaloni. Hakuwa anatembea ovyo. Alikuwa anamtafuta aliyekaa peke yake. Mwaka 1977 aliingia chuo cha ufundi, akasomea majokofu na mitambo ya baridi, akamaliza 1979 akiwa wa pili darasani. Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Baridi, jina ambalo mama hakulipenda hata siku moja. Alisema mtoto wake ana moyo wa moto, ubaridi uko kwenye mabomba.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na karani mmoja wa benki, mwanamke mcheshi, mwenye mwandiko mzuri kuliko sote. Mwaka 1984 wakajaliwa binti, huyu mnayemwona hapa mbele. Mwaka 1986 kampuni moja ya nje ilitafuta mafundi wa vyumba vya baridi, naye akachaguliwa. Mpango ulikuwa atangulie, apate nyumba, mke na mtoto wafuate. Akaondoka na sanduku moja. Binti alikuwa na miaka miwili, akamlilia mpaka sauti ikakauka.

Jamani, mipango! Kampuni ilifilisika kabla hajazoea baridi ya kule, na kibali chake kilikuwa kimefungamanishwa na kampuni hiyo. Akabaki katikati. Akitoka, harudi, asipotoka, hawaoni wake. Na huku nyumbani baba alikwisha fariki, mama anaumwa miguu, binti anakua. Akaamua kubaki na kufanya kazi kwa yeyote aliyekuwa na jokofu bovu. Maombi ya viza ya mke yalikataliwa, yakakatiwa rufaa, yakakataliwa tena. Mwaka 1993 mkewe alimpigia simu, akamwambia kwa upole kwamba amechoka kuwa mke wa simu. Marehemu hakubisha. Alimwambia, "Umenisubiri kuliko haki yangu." Waliachana kwa heshima, na mama huyo yupo nasi leo pamoja na mume wake. Karibuni sana, na yeyote atakayewaangalia kwa jicho la pembeni tutamwangalia sisi.

Sasa tuseme alivyoishi. Alikaa katika chumba kimoja juu ya dobi, jiko la moto mmoja, meza imegusa ukuta. Ukikaa kula unatazamana na rangi ya ukuta. Alimwambia mdogo wake kwenye simu kwamba katika mji ule watu hula wamesimama, macho kwenye saa, kama wanaojificha. Yeye na jirani wa chumba cha pili walisalimiana kwa kikohozi. Siku za mwanzo alikuwa anawasha redio ndipo apakue, angalau pawe na sauti ya mtu. Baadaye akaacha kupakua kabisa, akawa anakula kwenye sufuria, amesimama, kama wao. "Mdogo wangu," alisema, "nimekuwa mgonjwa wa mama." Mdogo wake alielewa ana maana gani, akalia baada ya kukata simu.

Siku moja aliitwa kwenye mgahawa wa Wahindi uliokuwa mtaa wa nyuma, jokofu la nyama limegoma. Alilitengeneza hadi alasiri. Saa hiyo wateja wa mchana wameondoka, wa jioni bado, na wapishi wanakula chakula chao wenyewe, si kile cha kwenye orodha ya ukutani. Wamekaa juu ya kreti za soda zilizopinduliwa. Mpishi mkuu, Mpunjabi mmoja mwenye mikono ya kuchomwa na tanuri, hakumuuliza bei wala risiti. Alimuuliza, "Umekula?" Marehemu alisema hajaulizwa swali hilo tangu atoke kwao. Akapinduliwa kreti yake. Wakampa mikate ya mahindi na majani ya haradali yaliyopondwa, siagi juu. Alikula mpaka akaona haya.

Alidhani basi, amekijua chakula cha Kihindi. Sisi pia tulidhani hivyo, kwetu Mhindi ni Mhindi na pilipili ni pilipili. Wiki iliyofuata aliitwa kwa mpishi wa Kibengali, akamsifia mikate ya mahindi, akitegemea kumfurahisha. Mbengali akaweka mwiko chini. "Hiyo ni ya watu wa kule kaskazini," akamwambia. "Sisi ni watu wa mito. Kaa." Akamwanzishia mboga chungu, maana kwao mlo huanza na uchungu, kisha wali na samaki wa haradali mwenye miiba mingi. Marehemu alipiga simu nyumbani Jumapili ile kama mtu aliyepata mtoto. "Mdogo wangu, nilidhani ni chungu kimoja!"

"Kumbe ni vingapi?"

"Sijui. Kila ninayemuuliza ananiambia vya jirani si vyenyewe."

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yote iliyobaki. Alijifunza kutouliza "mna nini leo?" bali "kwenu mama yako alipika nini?" Ukimuuliza mpishi aliye mbali na kwao swali hilo, alisema, anaacha hata kitunguu kiungue. Mtu wa Kerala alimpikia vibibi laini vya mchele uliochachuka na tui la nazi, kingo zake zimekauka kama lesi. Mtu wa Goa alimpa kamba kwenye mchuzi mwekundu wenye siki. Mzee mmoja wa Rajasthan, ambako maji ni haba, alimchomea madonge magumu ya ngano, akayavunja kwa ngumi, akamimina samli na dengu. Wote walikuwa wapweke kama yeye. Wamekaa mji mmoja, mtaa mmoja, wengine hawasikilizani lugha, kila mmoja anamlilia mama yake kwa viungo tofauti. Yeye ndiye aliyekuwa anapita kwa wote na kisanduku chake cha spana.

Lakini tusijidanganye. Alikula na watu pale tu kitu kilipoharibika. Friji zikiwa nzima, alirudi kwenye ukuta wake. Alikuwa fundi mzuri mno, jambo ambalo halikumsaidia.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe. Alikuwa na desturi ya kulijaribu jokofu kwa kuweka ndani chakula chake cha mchana: kikipoa vizuri, kazi imekwisha. Siku hiyo alikuwa kwenye mgahawa wa mjane mmoja wa Kigujarati, mama asiyekula chochote kilichowahi kutembea, kuruka wala kuogelea. Asubuhi alipita kwa Mbengali, akafungiwa samaki. Bila kuwaza, akamtia kwenye jokofu la yule mama, katikati ya maziwa na mboga. Mama akafungua mlango.

"Hiki nini?"

"Chakula changu, mama. Napima baridi."

"Nimeuliza hiki NINI?"

"Samaki, mama."

Loo! Jokofu zima lilimwagwa. Marehemu aliosha rafu kwa maji ya moto, mama akanusa, akasema bado. Akaosha tena, akanusa, bado. Jua likaanza kushuka. Mwishowe mama yule, amechoka kukasirika, akamsukumia bakuli la dengu lenye sukari guru. "Kula," akasema. "Hata mjinga ana tumbo." Tangu hapo hakuna fundi mwingine aliyegusa mitambo ya mama huyo, na kila alipofika alinuswa kisanduku kwanza.

Mama yetu alifariki tarehe 9 Agosti 1998, na marehemu hakuweza kuja. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu kwa wote. Siku ya maziko alikwenda kazini kama kawaida, hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia. Alasiri aliingia mgahawa wa Mtamil, mahali wanapopakua wali kwenye jani la mgomba, akakaa kwenye kona, akala kidogo. Alipomaliza alilikunja jani, akainuka. Mwenye mgahawa alimwahi mlangoni, uso umebadilika.

"Ndugu, kwenu kuna msiba?"

Marehemu akageuka. "Nani kakwambia?"

Basi akaelezwa. Kwao aliyeshiba hulikunja jani kuja upande wake, kuwashukuru wapishi. Kulikunja kwenda mbele, mbali na wewe, hufanywa kwenye chakula cha matanga tu. Marehemu alikuwa mgeni, hakujua, mkono ulikwenda ulikokwenda. Akasema, "Mama yangu. Wanamzika leo." Mwenye mgahawa hakusema pole. Alimshika mkono, akamrudisha kwenye kona, akaagiza majani mawili, akakaa naye, akala naye tena kutoka mwanzo, wateja wengine wakisubiri. Hayo ndiyo matanga ambayo kaka yetu alimfanyia mama yake.

Mwaka 2006, karatasi zake zikiwa zimenyooka, alikuja kututembelea. Wengi wenu mnakumbuka, nyumba ilijaa. Alikuja na viungo sanduku zima, akapika siku nzima vyungu vya mikoa mitano. Watu walikula, wakalamba vidole. Binti yake, wakati huo ana miaka ishirini na miwili, alisimama mlangoni. Marehemu akamsogezea kiti. Binti akasema, "Nimeshakula, asante," akaingia chumbani. Alikuwa na haki yake. Baba ni mtu anayekaa mezani, na yeye meza yake ilikuwa na kiti kitupu tangu ana miaka miwili. Marehemu hakumfuata wala hakunung'unika. Aliosha vyombo vyote peke yake, akakataa msaada. Alirudi ughaibuni na kiu ile ile: siku moja ale na mwanawe.

Binti alianza kulegea mwenyewe, pole pole, kwa njia ya simu. Jumapili moja alimuuliza, nusu kwa kejeli, "Na leo Wahindi wako wamekulisha nini?" Baba akamweleza kwa kirefu. Jumapili iliyofuata akauliza tena, bila kejeli. Ikawa anaweka simu mezani, anakula huku baba anasimulia. Walikuwa wanapanga kwamba marehemu akistaafu mwaka 2022 atarudi moja kwa moja, na watakula mkoa baada ya mkoa mpaka wamalize ramani. Binti alinunua meza. Meza ya watu wawili, ipo nyumbani kwake mpaka leo.

Mwishoni mwa 2021 chakula kilianza kumkwama. Alisema ni miiba ya Mbengali, akacheka. Madaktari walipoangalia wakakuta kansa ya umio, imekwisha tambaa. Wakamwekea mpira wa kupitisha uji moja kwa moja tumboni. Mdomo wake haukuwa na kazi tena. Mtu huyo, jamani, ambaye maisha yake yote alitafuta pa kukaa ale. Mungu ana siri zake, nasi hatutajifanya tumezielewa.

Binti alipata viza, akafika kwake tarehe 17 Oktoba 2022. Hakuwa na mtu mwingine katika mji ule ila baba yake, kitandani hospitalini. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Aliona aibu kutafuna mbele ya baba asiyeweza kumeza hata mate. Baba akaona. Sauti ilikwisha kupungua, lakini alimwita karibu, akamwambia, "Mwanangu, usiwe mgonjwa wa mama yangu." Kisha akamwomba muuguzi apige simu.

Kesho yake mjane wa Kigujarati alifika na bakuli, limefungwa kitambaa. Baada yake Mtamil. Baada yake vijana wa yule Mpunjabi, mwenyewe alikwisha fariki. Kila alasiri mmoja wao alileta chakula, si cha mgonjwa, cha binti. Marehemu alimwambia akae upande wa dirisha, ale taratibu, na amweleze. Yeye akafumba macho, akanusa. "Haradali," ananong'ona. "Mashariki hiyo. Kuna mwiba upande wa kushoto, angalia." Binti anacheka, mdomo umejaa. "Ongeza tonge." Anaongeza. Muuguzi alisema hakuona mgonjwa mwenye raha kama yule, wala chumba chenye harufu kama kile. Walikula hivyo wiki tano. Baba hakumeza kitu, na binti hakula peke yake.

Tarehe 23 Novemba 2022, alasiri, Mtamil alileta wali wa maziwa ya mgando. Binti alikuwa ameanza tu alipoona pumzi za baba zimebadilika. Akasukuma sahani, akainuka amwite muuguzi. Marehemu alitoa mkono chini ya shuka, akaishika ile sahani, akairudisha mbele ya binti. Hakuwa na sauti. Lakini binti alisoma midomo yake: kula. Akasita. Baba akalirudia: kula, mama. Basi akakaa, akala, machozi yanaingia kwenye wali, na mkono wa baba uko kwenye ukingo wa sahani. Alipoinua uso amuulize amesikia harufu gani, kaka yetu alikuwa amekwenda. Muuguzi aliingia akamkuta binti na tonge mkononi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa pale uani: ni kweli. Mlilosikia ni kweli kabisa. Alikuwa anakula. Ulimi hauna mfupa, lakini ukishasikia yote hayo, naomba utulie. Mama yetu angekuwa hai angesema marehemu alikufa kifo cha mtu mwenye familia, mlo uko mezani na mtoto wake yuko mbele yake. Miaka thelathini na sita aliitafuta meza hiyo. Mtoto huyu ndiye aliyempa. Angeacha kula, angemnyima baba yake kitu pekee alichokuwa bado anakitaka duniani.

Marehemu ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja wa kike, wapwa watatu, mzazi mwenzake, na wapishi wengi wa mbali ambao majina yao ya kwao hatuwezi kuyatamka vizuri, ila leo wamezima majiko yao kwa saa moja. Binti yake hajatia kitu mdomoni tangu maneno yenu yamfikie. Baada ya kumfukia kaka yetu, chakula kitapakuliwa, na atapakuliwa wa kwanza, mbele ya watu wote. Hatutaki hotuba wala msamaha. Tunataka mmoja wenu, hasa wewe uliyelianzisha, uvute kiti ukae karibu naye, na ule.

Lala salama, Fundi. Mungu akupokee mahali penye watu wengi.